Mwalimu, Hii Tuandike?

Awali ya yote namshukuru mhariri kwa kunikatia nafasi mwaka huu. Aliniomba niandike juu ya mbinu za kufundisha. Nikacheka, nikamwambia sikio halipiti kichwa, mwanafunzi atamfundishaje mwalimu kufundisha? Lakini usiku nikawaza, nikaona kuna jambo moja tunalolijua sisi kuliko walimu, nalo ni jinsi somo linavyoonekana kwa mtu aliyeketi dawatini akitazama ubao. Basi nitasema langu, na mtu asikimbilie kufurahi kwamba nawasema walimu. Mshtakiwa wa kwanza katika kesi hii ni mimi mwenyewe.

Sisi ndio tuliofanya KCPE ya mwisho, ile ya mwaka 2023. Tulipoingia Kidato cha Kwanza tulikuwa sabini na wawili katika chumba kimoja, madawati yamebanana hata mwalimu akitaka kufika nyuma ilibidi watu wasimame. Kiswahili tulifundishwa na mwalimu ambaye wakubwa wetu walikwisha kumpa jina la Nukta. Akiingia alisema, "Hamjambo? Ketini. Andikeni." Alikuwa na daftari lake la jalada gumu ambalo karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Yeye alisoma, sisi tuliandika, na hata alama za uakifishaji alizitaja: "Ngeli ya A-WA koma hujumuisha nomino za viumbe wenye uhai nukta aya mpya." Kengele ikilia alifunga daftari hata kama neno liko katikati, na kesho yake alianzia hapo hapo.

Sitaki mtu adhani namkejeli mzee wa watu. Noti zake zilikuwa safi, zimepangika, na aliyezikariri alipita. Halafu hebu tupige hesabu kidogo. Alikuwa na mikondo mitatu kama wetu. Wanafunzi sabini na wawili mara tatu ni insha 216. Kila insha akiipa dakika tano tu, hizo ni saa kumi na nane za kusahihisha insha moja moja, na bado hajafika kwenye ufahamu wala ufupisho. Mtu wa namna hiyo akiamua kusoma noti badala ya kuanzisha mjadala utakaozaa kazi nyingine ya kusahihisha, mimi nitamlaumu kwa lipi? Tangu mwaka 2018, serikali iliposema kila aliyemaliza darasa la nane aingie sekondari, shule zilijaa wanafunzi. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Nilipenda masomo ya Nukta. Nasema ukweli. Mkono ulifanya kazi, kichwa kilipumzika. Katika mtihani wa mwisho wa Kidato cha Kwanza nilipata alama thelathini na moja kwa arobaini katika matumizi ya lugha, nikajiona mimi ndimi bingwa wa ngeli hapa shuleni.

Basi bwana, muhula wa pili wa mwaka 2025 akaja mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kikuu. Alikuwa msichana mdogo hata bawabu wa lango siku ya kwanza alimwuliza sare yake iko wapi. Akapewa mkondo wetu. Aliingia bila daftari, ana kipande cha chaki tu, akaandika ubaoni:

Ndege ametua.
Ndege imetua.
Kifaru ameumia.
Kifaru kimeharibika.

Akageuka. "Sentensi ipi ina kosa?"

Kimya. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, hii tuandike?"

"Bado," akasema.

Mmoja akajitolea. Akasema zote ni sawa, ndege wa kwanza ni yule wa mtini na wa pili ni eropleni, na kifaru kimoja ni mnyama na kingine ni gari la vita. Vizuri, akasema mwalimu, neno ni lile lile, basi nani anayeamua ngeli? Hapo mimi bingwa nikainua mkono, nikamwaga noti za Nukta neno kwa neno: A-WA ni ya viumbe wenye uhai. Akanitazama, akaniuliza taratibu, "Na mti hauna uhai?"

Jamani, nilihisi kijasho chembamba. Mti tumeusoma katika Baiolojia. Unapumua, unakula, unakua, unazaana, unakufa. Mbona basi hatusemi mti ameanguka? Nikaketi. Mwingine akadakia kwamba mti hauna uwezo wa kwenda mahali. Akaulizwa, na gari? Gari linakwenda kuliko konokono, lakini konokono ni A-WA na gari si A-WA. Hapo darasa likawaka moto. Wa upande wa dirisha wakasema lazima kiumbe kiende chenyewe bila dereva. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida humsikii mpaka wakati wa chakula, akauliza, "Na kitoto je? Mbona tunasema kitoto kinalia? Kwani kimekufa?" Mwingine akaleta jitu, jitu limekuja. Mwalimu akaandika kila neno ubaoni, hakusema hili ni sawa wala lile si sawa, ila aliuliza tu, "Kwa hiyo tukimkuza mtu au kumdunisha, ngeli inafanya nini?" Mimi, kwa hasira ya kushindwa, nikatupa neno maiti. Wengine wakasema maiti amezikwa, wengine imezikwa, na ubishi ukawa mkali hata Kidato cha Tatu wakaja kuchungulia madirishani. Kengele ililia tusiisikie.

Hatukupata jibu lililokamilika siku ile. Lakini mimi niligundua jambo lililonitisha. Ule mstari wa "viumbe wenye uhai" nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu, nimeukariri, nimepewa alama kwa ajili yake, na mti ulikuwa pale nje ya dirisha mwaka mzima ukiukanusha. Sikuwahi kuona. Nilikuwa na mstari kichwani kama vile mtu anavyokuwa na sarafu mfukoni, sikuwahi kuuwaza hata mara moja.

Tulipofika isimujamii, mwalimu yule hakutupa sifa za sajili. Ilikuwa karibu na likizo fupi ya katikati ya muhula, akatuambia kila mtu akaketi mahali pamoja kwa nusu saa, asikilize watu, aandike walivyosema. Mimi nilikwenda sokoni kwa shangazi yangu anayeuza mitumba. Kwa vijana wa rika langu alisema, "Sema brathe, hii ni kamera, chagua bei poa." Akaja mama mwenye mtoto mgongoni, ikawa, "Karibu mama, shika tu, kushika si kununua." Akapita mzee mmoja wa kanzu na kofia, shangazi akasimama kabisa, "Shikamoo mzee wangu, karibu utazame." Na alipomgeukia jirani yake wa kibanda cha pili walisema Kikamba, hasa walipotaka kumsema mteja aliye mbele yao! Shangazi yangu hajawahi kusikia neno sajili maishani mwake, lakini alibadilisha lugha mara nne katika muda usiozidi dakika kumi. Nilirudi shuleni na kurasa sita. Ni kazi ya pekee ya shule ambayo nyumbani kwetu waliisoma wakacheka wakataka niendelee.

Sasa nifike penye aibu.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulikaribia. Mikondo mingine, iliyokuwa kwa Nukta, ilikuwa na noti za isimujamii zilizojaa nusu daftari. Sisi tulikuwa na kurasa tatu, na moja ya hizo mtu alikuwa amechora kifaru. Hofu ikaingia. Watu wakaanza kusema karatasi ya pili ya KCSE ina alama kumi za isimujamii, nani atatulipa hizo kumi? Usiku mmoja wakati wa masomo ya jioni tukakata shauri la kumwandikia mkuu wa idara. Na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nikapewa kalamu mimi.

Niliandika barua rasmi iliyotimia. Anwani ya mwandishi, anwani ya mwandikiwa, tarehe, MINT:, kila kitu. Hoja zilikuwa tatu: kwamba silabasi haitakwisha, kwamba hatuna noti za kudurusia, na kwamba mwalimu hana uzoefu. Arobaini na wanane walitia sahihi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijua moyoni kwamba sijawahi kujifunza Kiswahili kama nilivyojifunza majuma yale, na bado nikaandika, kwa kuwa kufikiri kila siku kunachosha na noti hazichoshi.

Siku mbili baadaye mwalimu akaja darasani na barua ile mkononi. Hakukasirika, au kama alikasirika alijua kuficha. Akapita katikati ya madawati, akaiweka mbele yangu bila kuuliza aliyeandika ni nani, maana mwandiko wangu alikuwa anaujua. Alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu. "Muundo safi. Hoja ya kwanza na ya pili nazikubali. Hoja ya tatu haina ushahidi. 15/20."

Kisha akarudi mbele, akafungua daftari jipya, akasema, "Andikeni."

Tukaandika majuma yote yaliyobaki. Siku moja yule mwenzetu wa kitoto kinalia aliinua mkono akauliza kwa nini, sikumbuki kwa nini nini, na kabla mwalimu hajafungua kinywa darasa lilimzomea: "Wacha tuandike bwana!" Mwalimu hakutuzuia. Aliendelea kusoma. Yule mwenzetu hakuinua mkono tena muhula ule. Mtihani ukaja, tukapita vizuri, na mwalimu wa mazoezi akarudi chuoni kwao. Tulimpigia makofi mengi siku ya kuaga.

Ndiyo maana nasema, wasomaji wangu, tunapozungumza juu ya mbinu za kufundisha tusizungumze kana kwamba mwalimu ndiye peke yake anayechagua. Yupo mwandishi wa Brazil aitwaye Paulo Freire, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970. Alifananisha mafundisho ya namna hii na benki: mwalimu anaweka akiba vichwani, mwanafunzi anatunza, siku ya mtihani inatolewa. Mfano wake naukubali. Ila kwetu sisi ilitokea kwamba benki haikutaka biashara hiyo, na wateja ndio waliopiga foleni wakigonga mlango.

Na angalieni tunavyosoma fasihi mwaka huu. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni tamthilia, imeandikwa ichezwe, lakini nenda bwenini uhesabu wanaosoma tamthilia yenyewe na wanaosoma mwongozo. Wengi wanajua "sifa za Yona" kabla hawajamsikia Yona akisema neno moja. Hapo hakuna mwalimu aliyetulazimisha. Mwongozo tumeununua kwa pesa zetu za matumizi.

Mama yangu alisoma shule ya msingi katika miaka ya tisini. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisemekana ni wa vitendo, mtoto atumie mikono, kuwe na kilimo, useremala na sayansi kimu. Mama ananiambia kwao walikariri majina ya aina za misumeno bila kugusa hata msumeno mmoja, kwa kuwa mtihani uliuliza majina. Wadogo zetu sasa wako katika mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019, na huo nao umekuja na ahadi kwamba mtoto atafanya, ataonyesha, ataulizwa maoni yake. Mimi nautakia heri. Lakini jina la mtaala likibadilika na mwanafunzi akabaki anauliza "hii tuandike?", tutakuwa tumebadilisha jalada la daftari.

(Halafu mtu asiniambie kuuliza maswali ni mbinu ya kizungu. Bibi zetu walifundisha kwa kitendawili. Kitendawili! Tega! Hakuna anayesema andika. Ukikosea unatoa mji, unaambiwa jibu, mnacheka, mnaendelea. Nani aliwahi kuchapwa kwa kukosa kitendawili? Shuleni kwetu viboko vilipigwa marufuku kisheria mwaka 2001, lakini bado tunaogopa jibu lisilo sahihi kuliko bibi zetu walivyoogopa kutoa mji.)

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo lisiposemwa makala haya yatakuwa ya uongo. Rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja ametoka mahali ambapo Kiswahili ni cha shuleni tu, nyumbani hakizungumzwi. Wakati sisi wa mjini tulipokuwa tukirushiana kitoto na jitu, yeye alikaa kimya. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alipokuwa amekwisha kuliunda kichwani kwa Kiswahili, sisi tulikuwa tumeruka neno la tatu. Naye alitia sahihi barua ile, na nilipomwuliza juzi kwa nini, alinijibu, "Wewe ulitaka noti kwa uvivu. Mimi nilizitaka ili nisome usiku, kesho nami niseme." Nilinyamaza. Mjadala una wenye nguvu wake, na mara nyingi ni wale wale wenye domo. Noti angalau humfikia kila mtu sawa, wa mbele na wa nyuma.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa idara, kama halitaonekana ni utovu wa adabu, ni hili. Noti za Nukta zipo na ni nzuri. Mbona zisipigwe chapa mara moja, zikatolewa nakala, tukapewa mwanzoni mwa muhula? Rafiki yangu atazisoma usiku na kamusi yake. Halafu zile dakika arobaini za kipindi tuzitumie kufanya kile ambacho karatasi haiwezi. Hata kama ni kipindi kimoja kwa juma, kile cha Ijumaa ambacho watu husinzia. Na mwalimu asikubali kusahihisha insha zote kila mara, baadhi tubadilishane tusahihishane wenyewe, maana saa kumi na nane ni nyingi kwa binadamu.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda majilisi kumwona Nukta. Nilitaka kumwuliza juu ya maiti, swali ambalo tangu mwaka jana halijaniacha. Alikuwa na rundo la madaftari mbele yake. Nikamwambia, "Samahani mwalimu, maiti ni A-WA au I-ZI?" Aliweka kalamu chini. Akaniambia nivute kiti, jambo ambalo sijawahi kuona mwanafunzi akiambiwa katika chumba kile. Alizungumza mpaka kengele ya chakula cha mchana. Aliniambia neno lenyewe limetoka Kiarabu, akanipa mifano ya watu anaowajua wanaosema hivi na wanaosema vile, akanieleza kwamba msemaji anapochagua kiambishi hapo huwa anasema pia jinsi anavyomwona yule aliyekufa, bado ni mtu au ni kitu. Akaniuliza kwetu, kwenye matanga, nimesikia nini. Nilishangaa mno. Nikamwuliza, kwa adabu, kwa nini mambo haya hatuambii darasani.

"Niliwahi kuyasema, zamani," akanijibu. "Watoto wakaniuliza kama waandike."

Amenipa ruhusa kuliandika hilo, na jina la Nukta pia, ambalo kumbe analijua tangu mwaka wa kwanza. Ila ametoa sharti. Anataka nimletee maneno kumi yanayoyumbisha ngeli kama maiti, yenye mifano ya watu kweli walivyoyatamka, si ya kutunga. Nimepata sita. Mwenye mengine ampe mwenyekiti wa Chama kabla ya Alhamisi, aandike na mahali alipoyasikia.